Katamarani ya mtumba iliyokarabatiwa: kusoma dalili mpaka kwenye chanzo

Katamarani ya mtumba, yaani boti ya viwiliwili viwili vilivyounganishwa, ikitoka kwa mafundi hupendeza macho. Rangi mpya, magodoro mapya, taa zinang'aa, paa limejaa paneli za sola. Chini ya hayo yote kuna chombo cha miaka ishirini ambacho mifupa yake ni ileile. Kwa muda niliokaa ndani ya chombo cha aina hii nimeona kwamba hitilafu nyingi hukaa pale kipya kilipokutana na cha zamani: betri mpya kwenye nyaya za zamani, choo kipya kwenye mipira ya zamani, jenereta mpya ndani ya kiwiliwili kilichokuwa kimeshabeba mzigo wake wote. Ukianza kutafuta kasoro, anza kwenye mshono huo. Jiulize sehemu hiyo iliguswa lini mara ya mwisho, na fundi alifanya nini hasa.

Una faida pia ambayo mwenye boti ya kiwiliwili kimoja hana. Katamarani ina pacha wa karibu kila kitu: viwiliwili viwili, injini mbili, sukani mbili, ngama mbili (ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya kiwiliwili, maji yanapotuama). Injini ya kulia ikipata joto, huna haja ya kukisia kama joto hilo ni la kawaida. Vuka upande wa pili, elekeza kipimajoto kwenye mpira uleule wa injini ya kushoto, usome. Pande mbili zikitofautiana, chanzo kiko kwenye upande ulioharibika. Zikiharibika kwa pamoja, tafuta kitu kinachozihusu zote mbili: dizeli iliyojazwa siku moja, uzito, betri, uchafu ulioota chini ya maji. Nina daftari lenye safu mbili, kulia na kushoto, na vipimo vya siku ambayo kila kitu kilikuwa kizima. Hilo daftari limenisaidia kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Dalili zisizosubiri

Harufu ya gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka mpaka ngamani na kutuama humo kama maji. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote, hata ya feni. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Boti ikishapata hewa ya kutosha ndipo upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kuangalia mapovu. Kwenye boti iliyokarabatiwa, kagua sanduku la mitungi kwa makini. Sanduku hilo lazima liwe na tundu la chini linalotoa gesi nje ya boti, na kuta zake zisipitishe hewa kuelekea vyumbani. Nimekuta tundu limezibwa kwa rangi mpya, na pembeni yake waya mpya umepitishwa ukutani bila kuzibwa. Hapo gesi imefungiwa njia ya kwenda baharini na kufunguliwa njia ya kwenda chumba cha kulala.

Watu wote wanaumwa kichwa, wana kichefuchefu, na injini au jenereta inanguruma. Chukulia kuwa ni kaboni monoksidi hadi uhakikishe vinginevyo. Haina rangi wala harufu. Tokeni nje kwanza, uchunguzi baadaye. Upepo wa nyuma hurudisha moshi wa injini ndani kupitia mlango mkubwa, na ekzosi ya jenereta iliyoongezwa baadaye mara nyingi hutokea karibu mno na dirisha. Weka king'ora kwenye kila kiwiliwili ambamo watu hulala. Kile cha sebuleni hakitamwokoa aliyelala chini upande wa pili na mlango umefungwa.

Maji yanapanda kuliko pampu inavyoyatoa. Funga vali zote zilizo chini ya mstari wa maji upande huo kabla ya kutafuta tundu. Kila vali iwe na kizibo cha mti laini kimefungwa kwa kamba pembeni yake, kwa sababu gizani hutakumbuka ulikiweka wapi.

Maji kidogo ngamani, kila siku

Hii ndiyo dalili itakayokusumbua zaidi, na ndiyo inayostahili subira. Swali la kwanza ni moja tu: ni maji ya chumvi au ya baridi, yaani yasiyo na chumvi? Kama hayana mafuta wala uchafu wa choo, onja tone kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na shaka, paka tone juu ya sufuria nyeusi uliache likauke. Maji ya bahari huacha unga mweupe.

Maji ya baridi hayatazamisha boti, lakini yatakuozeshea mbao na kukuletea ukungu. Yanatoka kwenye matangi, viungo vya mabomba, pampu ya bafu, au mvua inayopenya sitahani. Hita ya maji nayo ina vali ya usalama inayotoa matone maji yanapopata moto na kutanuka; mafundi wengi huielekeza ngamani na kuondoka. Kiyoyozi kipya ni mshukiwa mwingine, maana hutoa maji ya mvuke siku nzima, na mpira wake wa kutolea ukiteleza tu basi ngama inajaa bila chochote kuharibika.

Usiku mmoja nilisikia pampu ya maji baridi ikilia kwa sekunde mbili hivi, ikanyamaza. Baada ya kama robo saa ikalia tena. Hakuna aliyekuwa amefungua bomba. Pampu ya presha ikijiwasha yenyewe maana yake presha inatoroka mahali: ama maji yanavuja, ama vali ya ndani ya pampu inarudisha maji tangini. Nilifunga matawi moja baada ya jingine, jikoni, bafu la kulia, bafu la kushoto, nikisubiri baada ya kila moja. Nilipofunga la jikoni, kimya. Nikaingiza mkono nyuma ya sinki, nikapitisha kipande cha karatasi laini kwenye kila kiungo nisichoweza kukiona. Kwenye bomba jipya kabisa la maji moto na baridi, karatasi ilirudi na doa la ukubwa wa punje ya mchele. Klipu moja ilikuwa haijakazwa. Chini yake mbao ilikuwa imeshalainika kiasi cha kupenya kucha.

Maji ya chumvi ni jambo jingine kabisa. Hapa uliza yanaingia *wakati gani*. Yakiingia injini inapokwenda tu, angalia sili ya pampu ya maji ya bahari, kiwiko cha ekzosi na mipira yake. Yakiingia tanga likiwa limejaa upepo tu, na hasa kiwiliwili cha demani (upande upepo unakoelekea) kikiwa kimekandamizwa, angalia mlango wa dharura uliopo ubavuni karibu na mstari wa maji. Raba zake huzeeka na kioo chake hubanduka gundi. Yakiingia ukienda joshini (upepo unakotoka) kwenye mawimbi, angalia sanduku la nanga na kiungo cha sitaha na ubavu upande wa mbele. Yakiingia hata boti ikiwa imetia nanga kwenye maji tulivu, basi chanzo kiko chini ya mstari wa maji na hakitakupa nafasi ya kulala: vali, mpira wa choo, sili ya shafti au ya mguu wa injini.

Usiamini mahali unapoyaona maji. Hutiririka juu ya mbavu za ndani na kwenye nyaya, kisha yakatokea mita tatu mbali na tundu. Kausha ngama yote, kisha tandaza karatasi laini au nyunyiza poda ya watoto kwenye kila chumba cha ngama. Rudi baada ya saa moja, baada ya saa tatu. Karatasi ya kwanza kulowa ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Ukiwa huko chini, kwangua kidogo kila vali ya shaba kwa ncha ya kisu. Shaba iliyochanganywa na zinki, ikikaa kwenye maji ya bahari, hupoteza zinki yake na kubaki sponji. Ukiona rangi ya waridi badala ya manjano angavu, vali hiyo inaweza kukatika kwa teke moja. Badilisha kwa ile iliyochanganywa na bati, au kwa plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na boti iwe nchi kavu.

Sitaha inayobonyea

Sitaha ya katamarani nyingi imejengwa kama mkate wenye kitu katikati: ngozi mbili nyembamba za faibaglasi, na kati yake mbao nyepesi ya balsa au povu gumu. Ugumu wote unatokana na tabaka hilo la kati kushikamana na ngozi zake. Maji yakiingia humo, balsa huoza, povu hubanduka.

Gonga kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, hatua kwa hatua. Sehemu nzima hujibu kwa mlio mkali na mfupi. Sehemu iliyolowa hutoa mlio mzito uliokufa, kama kugonga godoro lenye ubao juu. Zungushia alama kwa chaki. Ukimaliza utaona jambo: alama zako zitakuwa zimezunguka vitu vilivyofungwa kwa bolti, na hasa vile vilivyoongezwa wakati wa ukarabati. Fremu ya sola, nguzo za mtumbwi, vishikio vipya. Fundi alitoboa, akaingiza bolti, akapaka silikoni juu, akaenda zake. Silikoni inadumu kwa muda. Baada ya hapo kila mvua inaingia kwenye tabaka la kati kama kwenye utambi.

Ukitoa bolti na kukatoka maji ya kahawia, balsa imeanza kuoza. Kama eneo ni dogo, tiba yake inafanyika na mtu mmoja mwenye subira. Panua tundu, chokonoa tabaka lililolowa kuzunguka kwa ndani mpaka ufike kwenye kavu, acha likauke kabisa, jaza epoksi nzito, subiri igande. Kisha toboa upya katikati ya epoksi hiyo kwa kipimo cha bolti. Sasa hata siku gundi ya juu itakapochoka, maji yatakutana na epoksi. Kupaka silikoni zaidi kwa nje kunaficha tu, na ninawaomba wenye boti waache tabia hiyo. Eneo likizidi upana wa sinia, au likiwa chini ya mlingoti, mwite mtaalamu wa faibaglasi.

Boti imeshuka, inapiga tumbo, haigeuki

Dalili zake hazifanani na ugonjwa, ndiyo maana watu huzizoea. Majani yanaota juu ya rangi ya kuzuia viumbe. Ngazi za nyuma zinalowa hata kwenye maji tulivu. Tundu la ekzosi liko nusu majini. Mawimbi ambayo zamani yalipita chini ya daraja linalounganisha viwiliwili sasa yanaligonga kwa kishindo kinachotikisa vikombe. Kugeuza boti dhidi ya upepo kumekuwa kubembelezana.

Chanzo ni uzito, na hesabu yake haina huruma. Chukua katamarani ya mita 12. Kila kiwiliwili kinagusa uso wa maji kwa urefu wa mita 11 na kitu na upana wa mita 1 na kidogo. Ukiondoa ncha zinazochongoka, eneo lake ni kama mita za mraba 9. Viwili ni 18. Kuishusha boti hiyo sentimita 1 kunataka kusukuma lita 180 za maji, yaani kama kilo 185 za maji ya chumvi. Sentimita 5 ni kilo 925. Sasa jumlisha vilivyoletwa na ukarabati: jenereta, mashine ya kusafisha maji ya bahari, viyoyozi, mashine ya kufulia, fremu ya chuma, mnyororo mrefu zaidi, kisha vitu vya watu wanaoishi humo mwaka mzima. Urefu wa daraja kutoka majini uliwekwa na mchoraji wa boti. Kila sentimita unayoshuka unaikata kwenye urefu huo.

Pima asubuhi bahari ikiwa shwari. Chagua alama nne zisizobadilika, mbili mbele na mbili nyuma, upime kutoka alama mpaka majini, na uandike matangi yalikuwa na kiasi gani. Upande mmoja ukiwa chini, kuna kitu kizito kimewekwa upande huo. Mara nyingi ni jenereta na betri zimekaa pamoja kwa sababu palikuwa na nafasi. Mbele kukiwa chini, angalia mnyororo na vyumba vya omo vilivyogeuzwa ghala. Uzito kwenye ncha hufanya boti ipige mbizi na kuinuka kama mbuzi anayenywa maji, ikipoteza mwendo kila wimbi. Uhamishie katikati, karibu na mlingoti, na chini.

Kabla ya kununua chochote cha kuongeza mwendo, toa vitu. Kamba zilizochoka, nanga ya tatu, makopo ya rangi yaliyokauka, vifaa vya zamani ambavyo fundi aliviacha mahali pake baada ya kufunga vipya. Nyaya zilizokufa peke yake zinaweza kujaza magunia.

Umeme unaisha kabla ya alfajiri

Kwa betri za asidi, pima zikiwa zimepumzika saa chache bila chaji wala matumizi. Volti 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, chini ya 11.9 zinakaribia kwisha. Zikionyesha zimejaa jioni na kuporomoka kwa taa mbili tu, zitenganishe upime kila moja peke yake. Betri moja yenye seli iliyokufa hunyonya zile nzima usiku kucha, na mwenye boti hutupa zote nne.

Kwa lithiamu, volti haikuambii kitu. Hukaa karibu na 13.2 au 13.3 kwa sehemu kubwa ya ujazo wake, kisha huporomoka ghafla. Lazima utegemee kihesabio cha mkondo, na hicho kinaweza kudanganya. Kama kinasema asilimia 60 na betri zimezima, fuata nyaya za hasi kwa kidole. Kila waya wa hasi unatakiwa kupita kwenye kihesabio kabla ya kufika betrini. Karibu kila mara utakuta waya mmoja, wa pampu ya ngama au wa redio iliyofungwa mwishoni, umeunganishwa moja kwa moja kwenye ncha ya betri. Matumizi yake hayahesabiwi.

Ukisikia harufu ya vanishi inayoungua karibu na injini baada ya kufunga lithiamu, au ukaona vumbi jeusi la mkanda, altaneta yako, kifaa cha injini kinachochaji betri, inakufa. Betri ya asidi hupunguza yenyewe mkondo inaoupokea inapoanza kujaa. Lithiamu hupokea kila inachopewa mpaka dakika za mwisho, na altaneta ya kawaida haikuundwa kutoa uwezo wake wote kwa saa mbili injini ikiwa taratibu. Kuna hatari ya pili: mfumo wa kulinda betri ukijikata ghafla wakati wa kuchaji, volti hupaa na kuua diodi za altaneta, wakati mwingine pamoja na redio na vyombo vya kuongozea. Tiba ni kuacha altaneta ichaji betri ya kuwashia injini tu, kisha kifaa cha kuchaji kutoka betri kwenda betri kipeleke kiasi kilichopimwa kwenye lithiamu. Au kufunga kidhibiti cha nje chenye kipimajoto kwenye altaneta. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, na iwe ya aina inayoweza kukata mkondo mkubwa wa lithiamu bila cheche kuruka pengo.

Taa hafifu, winchi ya nanga inayovuta kwa shida, friji inayojaribu kuwaka na kuzima: kabla ya kulaumu kifaa, pima volti kwenye kifaa *kikiwa kinafanya kazi*, ulinganishe na betri wakati huohuo. Kwa vitu muhimu upotevu usizidi asilimia 3, yaani kama volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12. Ukizidi, weka ncha za mita pande mbili za kila kiungo. Kiungo kizima husoma karibu sifuri. Kile kinachosoma nusu volti ndicho kinachokula umeme wako, na ukikigusa utakuta kina joto. Kata kipande cha waya: shaba ikiwa nyeusi chini ya plastiki, waya wote umekwisha. Fyuzi ikikatika mara kwa mara usiweke kubwa zaidi. Fyuzi inalinda waya, na waya ukiachwa bila ulinzi huwaka moto ndani ya ukuta.

Sola ikishuka mchana kweupe, panda juu utazame kivuli. Kivuli cha bumu (mti ulio chini ya tanga kubwa) kikikata kona ya paneli moja iliyounganishwa kwa mfululizo kinaweza kushusha msafara wote.

Injini moja inachemka

Tazama kwanza maji yanayotoka kwenye ekzosi, pande zote mbili kwa mwendo uleule. Yakiwa machache upande mmoja, fuata njia ya maji kutoka baharini: mdomo wa kuingizia, chujio, impela (gurudumu la raba lenye mabawa ndani ya pampu), kipoozeo, kiwiko cha ekzosi. Kwenye mguu wa injini, yaani seildraivu, maji huingia kupitia matundu madogo ya mguu wenyewe, na kome wachache wanatosha kuyaziba.

Ukitoa impela, hesabu mabawa yake. Yakipungua mawili, hayo mawili hayakupotea; yamesafiri na maji na sasa yamekaa kwenye mdomo wa kipoozeo. Ukifunga impela mpya bila kuyatoa, injini itachemka tena wiki ijayo na utaapa kwamba impela si tatizo. Maji yakiwa mengi lakini joto linapanda, angalia kipoozeo kilichojaa magamba, thermostati, na kiwango cha maji ya ndani. Kiwiko cha ekzosi hujaa masizi na chumvi taratibu kwa miaka. Ukikifungua na kuona tundu limebaki la ukubwa wa kidole, umeshajua.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: mzigo mkubwa, propela yenye kome, chujio la hewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe unaokaa muda mrefu ni dizeli isiyoungua au maji ndani ya silinda. Injini inayowaka vizuri, ikaenda dakika chache, kisha ikafa kama iliyonyongwa, inakosa mafuta. Angalia chujio na maji yaliyotuama chini yake, kisha hewa inayoingia kwenye viungo. Zikifa zote mbili siku moja, usifungue injini. Fungua tangi. Dizeli ya zamani iliyotikiswa na bahari baada ya kukaa kwa miezi wakati wa ukarabati huinua tope lote.

Oili ya mguu ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia sili za shafti ya propela. Kamba ya kuvulia iliyojisokota nyuma ya propela huzikata. Na raba kubwa inayoziba mguu kwenye sakafu ya boti ina umri wake. Volvo Penta husema ibadilishwe kila miaka 7. Kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Zinki zinaisha kwa wiki chache

Zinki za kujitoa mhanga, yaani vipande vinavyolika badala ya chuma cha boti, zinatakiwa kulika polepole, ubadilishe zikifika nusu. Zikiyeyuka haraka ghafla, uliza nini kimebadilika. Kama boti imekuwa imechomekwa umeme wa gatini, waya wa ardhi unakuunganisha na vyombo vyote vya jirani, na zinki yako inawalinda wao pia. Kifaa cha kutenganisha mkondo wa galvani hukata njia hiyo. Kama imetia nanga mbali na umeme, tafuta mkondo unaovuja, na pampu ya ngama yenye kiungo kilichozama ndiyo ya kwanza. Zinki isiyolika kabisa ni habari mbaya zaidi: haigusani na chuma inachokilinda, pengine kwa sababu imefungwa juu ya rangi, na chuma hicho ndicho kinacholika. Miguu ya alumini isipakwe kamwe rangi yenye shaba. Malengelenge yenye unga mweupe chini ya rangi yake ndiyo dalili.

Milango inakwama, waya za mlingoti zinalegea

Katamarani haiinami sana upepo ukizidi, hivyo nguvu ambayo ingeinamisha boti huishia kwenye mlingoti, waya zake na kuta zinazobeba daraja. Waya ya demani kulegea kidogo ni kawaida. Ikining'inia na kuyumba, pima mkazo boti ikiwa imetulia, ulinganishe kulia na kushoto. Ukikaza, na baada ya safari moja ikalegea tena, acha kukaza. Kuna kitu kinachosogea: bamba la chuma linaloshika waya, nguzo iliyo chini ya mlingoti, au ukuta wenyewe.

Hapo ingia ndani na tochi. Mlango wa chumba uliokuwa ukifunga vizuri bandarini na sasa unakwama tanga likiwa juu, mlio wa kukwaruza unaotoka sehemu ileile, mstari mwembamba mweupe kwenye faibaglasi inayounganisha ukuta na ubavu: hizo tatu zikikutana, shusha matanga na uite mkaguzi. Weka alama ya penseli kuvuka ufa na tarehe. Ukirefuka una ushahidi. Mara nyingine ni fundi aliyekata shimo la kupitisha mabomba ya kiyoyozi kwenye ukuta ambao hakuujua kuwa ndio unaobeba.

Waya zenyewe zipitishie pamba. Itanasa kwenye uzi wa chuma uliokatika, hasa panapoingia kwenye kikombe cha mwisho, na uzi mmoja uliokatika unatosha kuiondoa waya hiyo. Zikifika miaka kama 10 badilisha zote.

Harufu na unyevu

Harufu ya choo isiyoisha baada ya kusafisha: funga kitambaa kilicholoweshwa maji moto kwenye mpira wa maji machafu, kiache kipoe, kinuse. Kikinuka, mpira umepenyeza na hakuna dawa ila kuubadilisha. Harufu ya mayai viza unapovuta maji asubuhi inatoka kwenye maji ya bahari yaliyolala mpirani, viumbe wake wakafa. Vuta maji mengi kabla ya kuondoka botini, au suuza kwa maji ya baridi. Godoro lililolowa upande wa chini tu ni mvuke wa pumzi zako uliogandia kwenye ubavu baridi. Liinue kwa chaga zinazopitisha hewa.

Usukani mzito

Sukani mbili zilizo majini zimeunganishwa kwa fito moja, kwa hiyo uzito wa upande mmoja unausikia kama wa pande zote. Ifungue fito, ukiwa umetia nanga mahali salama, kisha zungusha kila usukani kwa mkono. Mmoja utaenda kwa kidole. Mwingine utakaza, mara nyingi kwa sababu bushi yake ya nailoni imenyonya maji na kuvimba, au shafti imepinda baada ya kugusa mwamba. Zikienda zote vizuri, kasoro iko kwenye kebo au haidroliki kutoka gurudumuni. Unaporudisha fito, pima umbali kati ya sukani kwa mbele na kwa nyuma mpaka zilingane, kabla ya kukaza nati ya mwisho.